Ligi yetu ya vinyoya inafukuza watu, na bingwa wake ni mimi

Haya wasomaji wangu, nimekuwa kimya kidogo. Mhariri alinituma Dodoma wiki mbili kufuatilia vikao vya Bunge, na anayeijua kazi hiyo anajua ukimaliza kuandika habari tatu kwa siku hubaki na nguvu ya kuandika la kwako. Nimerudi Dar. Leo siandiki siasa. Au labda ni siasa ile ile, ila imevaa raba na kaptura.

Wengi mnajua kwamba nacheza vinyoya. Kila Jumanne na Alhamisi, saa 1 hadi saa 3 usiku, tunakodi ukumbi mmoja maeneo ya Upanga wenye viwanja viwili. Tuko watu 16. Tunacheza wawili wawili, na tunachokicheza tunakiita ligi. Kila mtu anatoa shilingi 30,000 kwa mwezi kwa ajili ya ukumbi, taa na vinyoya vyenyewe, ambavyo siku hizi bei yake inaumiza.

Sasa naomba nitamke jambo ambalo limenikaa rohoni kwa miezi kadhaa. Ligi yetu inafukuza watu. Haiwafukuzi kwa matusi wala kwa bei. Inawafukuza kwa ratiba. Nasema hivyo nikiwa mfaidika namba moja, kwa sababu katika miezi 11 iliyopita mimi na mwenzangu tumechukua kombe mara 8.

Hebu nieleze inavyokwenda. Mwanzo wa mwaka watu wanachaguana wenza. Mnakumbuka shuleni, wakati wa kuchagua timu ya mpira, manahodha wawili wanasimama mbele na ninyi mnabaki ukutani mkiombea msiwe wa mwisho? Ndiyo hivyo hivyo, tofauti ni kwamba sasa tuna digrii. Wazuri wanatafutana. Wa kati wanatafutana. Wanaobaki wanaambiwa "basi ninyi chezeni pamoja." Ukishapata mwenza, ni huyo huyo mpaka Desemba.

Halafu kila mwezi jozi 8 zinaingia kwenye mtoano. Wiki ya kwanza robo fainali, wiki ya pili nusu, wiki ya tatu fainali, wiki ya nne ni ya akiba. Ukifungwa wiki ya kwanza, mwezi wako umeisha. Unaruhusiwa kuja kucheza kirafiki "kiwanja kikiwa wazi", lakini kiwanja hakiwi wazi, kwa sababu waliobaki kwenye mashindano wanafanya mazoezi. Nawajua vizuri. Mimi ni mmoja wao.

Tupige hesabu, maana hesabu haina urafiki. Jozi 8 kwenye mtoano ni mechi 7 basi. Kila mechi ni seti mbili au tatu. Kwa hiyo ligi nzima, watu 16, mwezi mzima, inacheza seti kati ya 14 na 21 za mashindano. Seti moja kwetu huchukua kama dakika 15. Tunalipia usiku 8, saa mbili kila usiku, viwanja viwili: hizo ni saa 32 za uwanja. Mashindano yenyewe yanatumia saa tano hivi, tena mwezi ukiwa mzuri.

Nusu ya wanachama, yaani watu 8, wanacheza mechi moja kwa mwezi. Anayefungwa seti mbili mfululizo ametoa 30,000 kwa seti mbili. Elfu kumi na tano kwa seti! Kwa dakika 15 za kuokota vinyoya nyuma ya mstari!

Na jina tumeiita ligi. Jamani, hata Ligi Kuu haiko hivyo. Msimu wa 2023/24 ilikuwa na timu 16, idadi ile ile ya watu wetu. Yanga wakatwaa ubingwa, Mtibwa Sugar wakashika mkia na kushuka daraja. Lakini mpaka wanashuka, Mtibwa walikuwa wamecheza mechi 30, sawasawa na Yanga. Hakuna aliyewaambia baada ya mechi moja kwamba rudini Turiani, tutaonana msimu ujao. Ligi maana yake ni hiyo, kwamba wa mwisho na wa kwanza wanacheza sawa. Hiki cha kwetu ni mtoano uliovishwa kanzu ya ligi.

Niwasimulie kisa kimoja, ndicho kilichonifanya niandike.

Kulikuwa na dada mmoja, muuguzi. Mcheza wa kawaida, si mbaya, ana mkono mwepesi pale karibu na wavu. Mwanzo wa mwaka alibaki ukutani, akapewa mwenza ambaye naye alibaki ukutani. Mwezi mmoja tukapangwa nao robo fainali. Alikuja moja kwa moja kutoka zamu, daladala mbili na foleni ya Dar mnayoijua. Tukawafunga 21-6, 21-4. Haikufika hata nusu saa. Nakumbuka nilivyopiga ile ya mwisho kwa nguvu zangu zote, mtu tayari yuko hoi, na nikashangilia.

Alikaa kwenye benchi, akafungua kamba za raba taratibu, akaweka raketi kwenye mfuko. Akaja kutushika mkono. Akasema, "Asanteni kaka zangu, tuonane mwezi ujao." Saa ya ukutani ilikuwa haijafika hata saa 2. Usiku ule mwenzangu akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp neno moja: "Wepesi." Nikaweka alama ya kucheka.

Mwezi uliofuata hakuja. Wala uliofuata. Tulianza watu 24 miaka miwili iliyopita, wanawake 7. Leo tuko 16, wanawake wawili. Na kila anapoondoka mtu tunasema yale yale: "watu wa Dar hawana muda", "hakuwa siriasi". Siku moja nikajiuliza, hivi kwa nini wanaokosa muda ni wale wale wanaofungwa wiki ya kwanza? Mbona sisi mabingwa muda tunao?

Nilipoanza kulisema hili, nilipata majibu ya aina nne. Niyachukue moja moja.

La kwanza lilitoka kwa mzee wetu wa ratiba, mtu ninayemheshimu sana, ndiye aliyenifundisha kushika raketi. Akaniambia, "Mwanangu, asiyekubali kushindwa si mshindani." Shikamoo mzee, methali ni ya kweli. Lakini kukubali kushindwa ni kushindwa leo, ukarudi kesho kujaribu tena. Yule dada alikubali kushindwa. Alitushika mkono. Sisi ndio hatukumpa kesho. Mtu anajifunza kwa kucheza na aliyemzidi, na ratiba yetu inampa dakika hizo mara moja kwa mwezi kisha inamfungia mlango. Wahenga walisema pia kwamba mcheza kwao hutunzwa. Sisi mcheza kwetu tunamfungasha virago saa 2 kasoro.

La pili linasema mchezo wa wawili ni kuzoeana. Ukimbadilishia mtu mwenza kila mara unaua mchezo wenyewe. Hili lina uzito, sitalibeza. Mimi na mwenzangu tunajuana kiasi kwamba sihitaji kugeuka kujua alipo. Nikipiga juu naenda kushoto, yeye anaenda kulia, hakuna anayeongea. Ni raha ambayo siwezi kuieleza kwa asiyeijua. Lakini tuseme ukweli: raha hiyo kwenye ligi yetu wanaipata watu wanne, labda sita. Waliobaki mwenza wao si chaguo lao, ni mabaki ya chaguo la wengine. Huwezi kuniambia tunalinda mazoea ya watu ambao hawacheki pamoja wala hawachezi pamoja zaidi ya mara moja kwa mwezi. Na kuna ufundi mwingine mkubwa zaidi: kuingia uwanjani na mtu yeyote na ndani ya pointi tano ukajua anapenda nini, anaogopa nini, umfunike wapi. Huo hatuna kabisa. Juzi nilicheza na mgeni, tukagongana raketi mara tatu. Bingwa mzima!

La tatu ni la wale wapatanishi: "Basi tuweke makundi kwanza, halafu mtoano." Wazo zuri kwa kulitazama. Tatizo ni kwamba lilishajaribiwa mbele ya dunia nzima na likaleta aibu. Kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, kwa mara ya kwanza vinyoya vya wawili wawili viliwekewa makundi kabla ya mtoano, nia ikiwa njema kabisa: kila jozi icheze zaidi ya mara moja. Tarehe 31 Julai, Wang Xiaoli na Yu Yang wa China wakaingia uwanjani na jozi ya Korea Kusini, wote wakiwa wameshafuzu. Wachina walikuwa na sababu ya kutotaka kuongoza kundi: jozi nyingine ya China ilikuwa imeshika nafasi ya pili kwenye kundi lake, na wangeshinda wangekutana nayo kabla ya fainali. Wakorea nao hawakuona haja ya kushinda. Watu walioko kileleni mwa mchezo wakaanza kupiga kinyoya kwenye wavu makusudi, wanaanzisha nje makusudi, ukumbi mzima unazomea. Usiku huo huo jozi nyingine ya Korea Kusini na moja ya Indonesia wakafanya kama hayo. Kesho yake wachezaji 8 wakaondolewa kwenye mashindano.

Dunia iliwalaani wale wanawake. Lakini mmoja wao, Greysia Polii wa Indonesia, alirudi, na mwaka 2021, kwenye michezo ya Tokyo, akachukua medali ya dhahabu akiwa na Apriyani Rahayu. Ni mtu yule yule. London mfumo ulimweka mahali ambapo kushindwa kulikuwa na faida, Tokyo hakukuwa na faida hiyo. Wenye mchezo wao walilielewa hilo. Baada ya London walibadilisha utaratibu, wanaoshika nafasi ya pili wakawa wanapangwa kwa kura makundi yakishamalizika. Fundisho langu ni hili: mfumo ndio unaotengeneza tabia. Kama Olimpiki mfumo mbovu ulimfanya mchezaji wa dunia apige kinyoya kwenye wavu, sembuse sisi wa Upanga?

La nne ni lile la "ndivyo tulivyozoea". Kwa hili sina jibu refu. Hadi miaka ya mwanzoni mwa 2000, kwenye vinyoya ulikuwa hupati pointi mpaka uwe wewe unayeanzisha. Mwaka 2006 ikabadilishwa, kila mpira ukawa na pointi na seti ikawa ya 21. Wazee walilalamika. Leo nani katika ligi yetu anaukumbuka utaratibu wa zamani? Kama sheria ya mchezo wenyewe imeweza kubadilika, ratiba ya ukumbi wa kukodi haishindikani.

Sasa msiseme ninalalamika tu kama wabunge niliotoka kuwasikiliza. Pendekezo langu hili hapa.

Moja. Mtu asajiliwe peke yake, si jozi. Watu 16 tugawanywe makundi mawili ya watu 8. Kundi A Jumanne, kundi B Alhamisi. Watu 8 na viwanja viwili: hakuna anayekaa benchi hata dakika moja.

Mbili. Kila usiku raundi 7, kila raundi seti moja ya 21. Dakika 15 mara 7 ni dakika 105, tunabaki na robo saa ya kupasha mwili. Na ratiba ipangwe hivi kwamba katika raundi hizo 7, kila mtu anakuwa mwenza wa kila mtu mara moja, na mpinzani wa kila mtu mara mbili kamili. Mnadhani haiwezekani? Mwanahisabati wa Marekani, E. H. Moore, alichapisha utafiti juu ya ratiba za namna hii mwaka 1896, akiwafikiria wacheza karata wa wawili wawili. Kwa watu 8, chukueni kalamu.

Jipeni namba 1 mpaka 8. Raundi ya kwanza, uwanja mmoja: 8 na 1 dhidi ya 2 na 4. Uwanja wa pili: 3 na 7 dhidi ya 5 na 6. Raundi inayofuata, namba 8 abaki 8, wengine wote waongezwe moja, na 7 ageuke kuwa 1. Kwa hiyo raundi ya pili: 8 na 2 dhidi ya 3 na 5, 4 na 1 dhidi ya 6 na 7. Endeleeni hivyo mpaka raundi ya saba. Hakikini wenyewe. Mimi niliihakiki kwenye daladala kati ya Morocco na Posta, na foleni ilinitosha kuirudia mara mbili.

Tatu. Pointi za seti zihesabiwe kwa mtu. Mkishinda 21-15, ninyi kila mmoja ana 21, na wale kila mmoja ana 15. Faida yake ni kwamba hata mkiwa nyuma 18-5, kila pointi mnayoiokota ni mali yenu, inaingia kwenye jumla ya mwezi. Hakuna sababu ya kukata tamaa na hakuna sababu ya kupiga kwenye wavu. Na mwenza wako wa leo ni mpinzani wako wa raundi ijayo, lakini huwezi kumhujumu bila kujihujumu, kwa sababu pointi zenu ni zile zile.

Nne. Mwisho wa mwezi msimamo uwe kwa wastani wa pointi kwa kila seti, ili aliyekuwa zamu au safari asiadhibiwe. Lakini sharti awe amecheza angalau usiku tatu kati ya nne. Wawili wa chini kundi A washuke, wawili wa juu kundi B wapande. Hivyo wa kati hawachoshwi na sisi, na anayeongeza kiwango ana mlango wa kupanda bila kusubiri achaguliwe ukutani.

Tano, ya kuwaridhisha wanaopenda jozi zao, nikiwemo. Desemba tufanye mtoano mmoja wa jozi za kuchaguana, na kombe liwe lile lile. Mara moja kwa mwaka, kama sherehe, lakini usiwe ndio mkate wa kila siku.

Angalieni tofauti. Wiki nne kwa mfumo huu, kila mtu anacheza seti 28. Ligi nzima, seti 112. Kwa fedha ile ile, ukumbi ule ule, taa zile zile. Hata sisi mabingwa tunafaidika: leo anayechukua kombe anacheza seti 9 kwa mwezi, tena kama kila mechi imekwenda mpaka seti ya tatu. Tumeng'ang'ania mfumo unaowanyima wengine mchezo na unatunyima hata sisi, ili tu mwisho wa mwezi tupige picha na kikombe cha plastiki.

Nimemwonyesha mwenzangu pendekezo hili kabla ya kuliandika hapa, maana ni haki yake. Alisoma kimya, akanitazama. "Kwa hiyo unataka kutuvunja?" Nikamwambia nataka tucheze pamoja Desemba, na miezi mingine nimwone akicheza na watu wengine, labda nijifunze anachofanya ambacho mimi nakikosa. Hakujibu. Aliniambia tu kwamba Jumanne nitaliwasilisha peke yangu. Sawa. Hata kwa hilo nitakuwa mchezaji wa mmoja.

Inawezekana nikashindwa kura. Wanaopiga kura ni waliobaki, na waliobaki ni wale ambao mfumo haujawafukuza bado. Waliokwishaondoka hawana kura. Hapo ndipo niliposema kwamba labda hii ni siasa ile ile.

Namba ya yule dada bado ninayo. Sijamwandikia, kwa sababu sina la kumwambia. Siwezi kumwita arudi kwenye kitu kile kile, aje na daladala mbili acheze seti mbili nasi tucheke kwenye simu. Lakini Jumanne ikipita pendekezo, ujumbe nimeshauandaa: "Dada, shikamoo ya kuchelewa, na samahani. Njoo Alhamisi saa 1. Safari hii ni seti saba, na moja kati ya usiku hizo utacheza upande wangu."

Hapo itabidi kwanza nishuke kundi B. Kwa ninavyogongana raketi na watu siku hizi, haitachukua muda.

Alamsiki.